Bahasha za kampuni za matarishi wa Magharibi ya Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wakusanyaji

Kampuni za matarishi zilikuwa nini, na zilianza vipi?

Zilikuwa kampuni za watu binafsi zilizobeba barua, vifurushi, fedha na vumbi la dhahabu kwa malipo, kwa mikono ya matarishi wao wenyewe na si ya watumishi wa posta ya serikali. Biashara hiyo haikuzaliwa Magharibi. William Harnden aliianza mwaka 1839 kati ya Boston na New York, na mwaka uliofuata Alvin Adams akaanzisha yake mjini Boston. Kilichoikuza ni dhahabu iliyoonekana Coloma, California, Januari 1848, na maelfu ya watu walioifuata dhahabu hiyo hadi kwenye mabonde ambayo serikali ilikuwa haijayafikia.

Barua iliyotoka miji ya mashariki kwenda California mwaka 1849 ilitozwa senti 40. Ilikwenda kwa meli hadi Panama, ikavushwa nchi kavu, ikapakiwa katika meli nyingine hadi San Francisco, na hapo ndipo ilipokwama. Ofisi ya posta ya mji huo ilizidiwa kabisa, na siku meli ilipofika foleni ilikuwa ndefu kiasi kwamba wapo waliopanga mstari ili tu waiuze nafasi yao kwa mwenye haraka. Mchimbaji aliyekuwa mbali kwenye vilima vya Sierra Nevada angepoteza siku nyingi za kazi kwenda kuulizia barua ambayo huenda haikuwapo. Tarishi aliingia katika pengo hilo. Alexander Todd, mmoja wa waliotangulia, aliandikisha majina ya wachimbaji kwa dola moja kila mtu, akaenda San Francisco kuziulizia barua zao, na inasimuliwa kwamba kila barua aliyorudi nayo ililipiwa wakia moja ya dhahabu, yaani kama dola 16.

Kwa nini bahasha moja huwa na malipo mawili, ya serikali na ya kampuni?

Hili ndilo swali ambalo mkusanyaji hana budi kulielewa kabla ya kununua chochote, kwa sababu karibu kila kitu kinachovutia katika bahasha hizi kinatokana nalo.

Sheria ya mwaka 1845 ilikataza kampuni binafsi kubeba barua katika njia zilizotangazwa kuwa njia za posta. Serikali haikutaka mtu mwingine ajinufaishe kwa njia zenye faida na kuiachia yenyewe njia za hasara. Hata hivyo, sheria iliyopitishwa tarehe 31 Agosti 1852 ilifungua mlango mdogo: barua ingeweza kubebwa nje ya posta ikiwa tu imetiwa ndani ya bahasha ya serikali yenye stempu iliyochapwa juu yake, na stempu hiyo iwe inatosheleza ada ambayo posta ingetoza. Bahasha za kwanza za namna hiyo, zilizotengenezwa na George Nesbitt wa New York, zilitoka mwaka 1853. Tangu hapo kampuni zilinunua bahasha za serikali, zikachapa juu yake alama zao za malipo, kisha zikaziuza kwa bei iliyojumuisha ada zote mbili.

Maana yake ni kwamba mtumaji aliilipa serikali kwa kazi ambayo serikali haikuifanya, akailipa na kampuni iliyoifanya. Alikubali kwa hiari, tena katika miji iliyokuwa na ofisi ya posta mtaa uleule, kwa sababu aliamini kwamba tarishi atafika na tena atafika mapema. Mimi binafsi naona kwamba mkusanyaji asiyeyasoma malipo hayo mawili pamoja, akiuliza ni nani aliyeibeba barua hii katika kila kipande cha safari na kwa nini mtumaji alimchagua huyo, anakusanya karatasi tu.

Zingatia pia kwamba bahasha za kati ya 1849 na 1853 mara nyingi hazina malipo yoyote ya serikali, kwa kuwa bahasha zenye stempu zilikuwa hazijakuwapo. Ukiona bahasha ya miaka hiyo yenye muhuri wa kampuni peke yake, usidhani kwamba kuna kitu kilichong'olewa.

Chapa ya malipo, muhuri na stempu ya kampuni vinatofautianaje?

Chapa ya malipo ni maandishi yaliyochapwa kiwandani juu ya bahasha kabla haijauzwa, yakitaja jina la kampuni na kueleza kwamba ada yake imeshalipwa. Muhuri ni alama iliyogongwa kwa mkono ofisini, mara nyingi ya umbo la yai au duara, ikiwa na jina la kampuni, jina la mji, na pengine siku na mwezi. Stempu ya kampuni ni kipande cha karatasi chenye gundi, kama stempu ya posta, na ni adimu kuliko vile viwili vya kwanza, kwa sababu kampuni nyingi hazikuona haja ya kuitoa.

Ni kampuni zipi ambazo mkusanyaji atakutana nazo?

Atakutana na Wells, Fargo & Co. kuliko nyingine zote kwa pamoja. Henry Wells na William Fargo, ambao walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa American Express mwaka 1850, waliiunda kampuni hii New York Machi 1852, na ilipofika Julai mwaka huohuo ilikuwa imefungua milango San Francisco. Mpinzani wake mkubwa, Adams & Co., alikuwa ametangulia kufika California mwaka 1849 na alionekana kuwa hatikisiki. Februari 1855 hofu ya mabenki iliikumba San Francisco baada ya benki ya Page, Bacon & Co. kufunga, wenye akiba wakakimbilia kila dirisha la fedha mjini, na Adams & Co. ikaanguka. Wells Fargo nayo ilifunga, lakini ikafungua tena baada ya siku chache, na kuanzia hapo haikuwa na wa kuikaribia. Baadhi ya waliokuwa watumishi wa Adams waliunda Pacific Express Company mwaka huohuo, na kwa hiyo bahasha za 1855 huonyesha jambo la ajabu: mji uleule, pengine hata kaunta ileile, lakini jina lingine kabisa kwenye muhuri.

Chini ya vigogo hao palikuwa na kampuni ndogo nyingi zilizohudumia bonde moja au mto mmoja, zikipokea barua kutoka kwa kampuni kubwa katika miji kama Sacramento, Marysville na Stockton na kuzipandisha milimani kwa nyumbu, kwa farasi, na wakati wa theluji kwa miguu. Langton's Pioneer Express, Everts, Wilson & Co., Freeman & Co. na Whiting & Co. ni baadhi tu. Nyingine ziliishi miezi michache, kisha zikauzwa au zikayeyuka pamoja na kambi zilizozihudumia. Wakusanyaji wengi wenye uzoefu, nami nakubaliana nao, hupata raha zaidi katika kampuni hizi ndogo, kwa kuwa bahasha moja huweza kubeba mihuri ya kampuni mbili au tatu zilizopokezana barua hatua kwa hatua.

Je, Pony Express haikuwa ndiyo kampuni kuu?

Haikuwa, ingawa umaarufu wake umewafanya wengi wadhani hivyo. Pony Express ilidumu miezi 18 tu au karibu na hapo, kuanzia tarehe 3 Aprili 1860 hadi mwishoni mwa Oktoba 1861. Iliendeshwa na kampuni ya Russell, Majors na Waddell, kutoka St. Joseph, Missouri, hadi Sacramento, umbali unaozidi kilomita 3,000, na barua ilitarajiwa kufika kwa siku 10 hivi. Mpandafarasi alibadilisha farasi kila baada ya kilomita 20 hivi, akihamisha kutoka tandiko moja hadi jingine kipande cha ngozi chenye mifuko minne iliyofungwa kwa kufuli.

Ada mwanzoni ilikuwa dola 5 kwa nusu wakia, mbali na bahasha ya serikali ya senti 10, kwa hiyo hata hapa malipo mawili yanaonekana. Katika miezi yake ya mwisho ada ilishuka hadi dola 1. Kuanzia Aprili 1861 Wells Fargo ilisimamia upande wa California, ikatoa stempu maarufu zenye picha ya mpandafarasi anayekwenda mbio: kwanza ya dola 2 nyekundu na ya dola 4 ya kijani, kisha, ada iliposhuka mwezi Julai, ya dola 1 nyekundu, dola 2 ya kijani na dola 4 nyeusi. Waya wa simu ya maandishi ulipounganishwa kutoka bahari hadi bahari tarehe 24 Oktoba 1861, kazi ya farasi iliisha.

Bahasha zinazojulikana kuwa zilisafiri kwa Pony Express na zingalipo leo ni takribani 250 tu, na bei zake hufika makumi ya maelfu ya dola na kupita. Inayonigusa kuliko zote ni bahasha kutoka katika mfuko mmoja ulioporwa njiani mwaka 1860 na kupatikana tena mwaka 1862, ambayo iliandikwa juu yake maelezo ya mkasa huo ndipo ikapelekwa kwa mwenyewe. Mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuisoma Pony Express vizuri bila kumiliki hata bahasha moja, kisha akatumia fedha zake kwingine.

Usiichanganye na huduma ya farasi ambayo Wells Fargo iliendesha kuanzia 1862 kati ya Virginia City, kwenye machimbo ya fedha ya Nevada, na California. Hiyo ilikuwa na stempu zake za senti 10 na senti 25, zenye picha inayofanana na ile ya kwanza, na wauzaji wasio makini huziita zote kwa jina moja.

Na Butterfield je?

John Butterfield alibeba barua kati ya Missouri na San Francisco kuanzia Septemba 1858 kwa mkataba wa serikali. Hiyo ni posta ya serikali iliyopewa mkandarasi, si kampuni binafsi ya barua, na bahasha zake hulipiwa mara moja tu.

Nitajuaje mwaka, wakati muhuri una siku na mwezi tu?

Mihuri mingi ya kampuni haina mwaka, na jambo hili huwakatisha tamaa wanaoanza. Lakini bahasha yenyewe hutoa ushahidi kama mtu ana subira.

Anza na stempu ya serikali iliyochapwa juu yake. Bahasha ya Nesbitt ya toleo la kwanza haiwezi kuwa ya kabla ya 1853. Yenye nyota mbili ndogo ubavuni mwa sura ya Rais George Washington ni ya kuanzia 1860. Ya senti 3 ya rangi ya waridi ni ya kuanzia 1861, mwaka ambao vita vya wenyewe kwa wenyewe viliifanya serikali ifute stempu na bahasha zake za zamani ili majimbo ya Kusini yaliyojitenga yasizitumie. Na ya senti 3 ya kijani ni ya kuanzia 1870. Halafu angalia ada. Kuanzia 1855 barua iliyokwenda zaidi ya maili 3,000 ilihitaji senti 10, hadi Julai 1863 ilipowekwa ada moja ya senti 3 kwa nchi nzima, na ada hiyo ikashuka hadi senti 2 tarehe 1 Oktoba 1883. Bahasha yenye chapa ya Wells Fargo na stempu ya senti 2 kwa barua ya kawaida iliyovuka miji, kwa hiyo, ni ya baada ya siku hiyo.

Tahadhari ni kwamba ushahidi huu hukupa mwanzo tu, haukupi mwisho. Bahasha ya 1864 iliweza kukaa kwenye droo ya duka la kambi hadi 1868 ndipo ikanunuliwa. Ndiyo maana mkusanyaji hutazama pia umbo la muhuri, ambalo kila ofisi ililibadilisha mara kwa mara, pamoja na historia ya mji: kama kambi ilichomeka au ilihamwa mwaka fulani, barua haikutoka pale baada yake.

Je, kampuni hizi zilivuka mipaka ya Marekani?

Zilivuka. Dhahabu ilipoonekana mtoni Fraser mwaka 1858, wachimbaji wa California walimiminika katika eneo ambalo leo ni British Columbia, na matarishi wakawafuata. Wells Fargo ilifungua ofisi Victoria katika kisiwa cha Vancouver; Ballou akaanzisha huduma ya mto Fraser; Dietz & Nelson wakashika sehemu ya chini ya njia; na Francis Barnard, aliyeanza kwa kutembea kwa miguu kutoka mji wa Yale kwenda machimbo ya Cariboo, akajenga kampuni iliyodumu miaka mingi.

Bahasha za Victoria za miaka hiyo ni karamu kwa mpenda historia ya posta, kwa kuwa zinaweza kuwa na malipo matatu: ada ya koloni la Uingereza iliyothibitishwa kwa muhuri wa posta ya Victoria, stempu ya Marekani kwa ajili ya njia ya huko, na chapa ya kampuni iliyoibeba barua baharini hadi San Francisco. Wells Fargo ilikuwa na ofisi pia katika bandari za magharibi za Meksiko kama Guaymas na Mazatlán, na bahasha za huko hupatikana kwa uchache.

Bandia zinafananaje, na nitajikingaje?

Hatari kubwa si bahasha iliyobuniwa yote, bali bahasha halisi iliyoongezewa kitu. Bahasha nyingi zenye chapa za malipo zilibaki bila kutumika, na ni rahisi kuzipata. Mtu huchukua moja, akaandika anwani kwa wino wa kahawia, akagonga muhuri bandia wa mji adimu, na kitu cha dola chache kikageuka kuwa cha mamia. Kwa hiyo chunguza kama wino wa muhuri umeingia ndani ya nyuzi za karatasi au umeelea juu. Kama mwandiko unapita juu ya muhuri pale ambapo ulipaswa kupita chini. Na kama mji, kampuni na toleo la bahasha viliwahi kukutana katika wakati mmoja. Hili la mwisho limewaumbua walaghai wengi kuliko darubini.

Stempu za kampuni nazo zilighushiwa tangu zamani. S. Allan Taylor wa Boston alichapa bandia za stempu za matarishi na za posta za mijini katika karne ileile ya 19, nyingine zikiwa nakala za stempu halisi na nyingine za kampuni ambazo hazikuwahi kuwapo. Stempu za Wells Fargo zenye picha ya mpandafarasi, zilizo peke yake nje ya bahasha, zina nakala nyingi mno sokoni, na mtu anayeuziwa kwa bei rahisi aamini kwamba amenunua nakala.

Je, cheti cha wataalamu kinachothibitisha kwamba bahasha ni halisi ni lazima?

Kwa bahasha ya dola 30 hapana, kwa kuwa ada ya cheti inaweza kukaribia bei yenyewe. Kwa kitu chochote ambacho hasara yake ingekuuma, ndiyo. Philatelic Foundation ya New York na kitengo cha uthibitishaji cha American Philatelic Society hutoa vyeti vinavyokubalika. Soma maneno ya cheti hadi mwisho: kinaweza kuthibitisha kwamba bahasha ni halisi na papo hapo kikasema kwamba stempu moja haikuwapo tangu mwanzo.

Mtu wa kipato cha kawaida aanzie wapi?

Aanzie na bahasha za Wells Fargo za miaka ya 1870 na 1880, zenye chapa ya malipo na muhuri wa ofisi unaosomeka. Ni nyingi, bei zake kwa kawaida ni dola makumi kadhaa, na zinafundisha kila kitu kuhusu malipo mawili. Baada ya bahasha kumi au kumi na tano achague njia moja: mji mmoja, mto mmoja, au kampuni moja ndogo. Kabla ya kununua kitu kikubwa apitie kumbukumbu za minada zilizowekwa mtandaoni, kwa sababu bahasha adimu huuzwa tena na tena kwa miongo mingi, na picha ya zamani huonyesha kama stempu iliyoko leo ilikuwapo wakati ule. Western Cover Society ni chama cha wapenzi wa bahasha za Magharibi, na jarida lake lina makala nyingi kuliko mtu anavyoweza kuzisoma kwa mwaka. Makumbusho ya Taifa ya Posta mjini Washington nayo huonyesha sehemu ya hazina yake mtandaoni.

Nimekuta barua ndani ya bahasha. Niitenganishe?

Hapana kabisa. Barua hutaja mwaka, kambi, bei ya unga, jina la tarishi aliyechelewa. Mara nyingi ndiyo ushahidi pekee wa tarehe.

Nibandue stempu ili niiweke kwenye albamu?

Hapana.

Nizitunzeje, hasa katika hali ya hewa ya pwani?

Karatasi ya karne ya 19 iliyotengenezwa kwa matambara ni imara kuliko karatasi nyingi za leo, lakini haipendi unyevunyevu. Mtu anayeishi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam aweke bahasha katika vifuko vya plastiki safi ya poliesta, si ile laini inayonuka, ambayo huachia kemikali. Vifuko vikae katika sanduku lenye vipakiti vya kufyonza unyevu, mbali na ukuta wa nje, na sanduku lifunguliwe mara kwa mara hewa ipite. Selotepu isiguse bahasha kamwe, hata kama imechanika. Gundi ya bahasha huweza kunata yenyewe wakati wa masika, kwa hiyo kipande cha karatasi isiyo na asidi kiwekwe chini ya mfuniko wake.

Kwa nini makusanyo mengi huishia mwaka 1895?

Kwa sababu mwaka huo Wells Fargo iliacha kubeba barua. Reli ilikuwa imeunganishwa Promontory, Utah, tangu tarehe 10 Mei 1869, ofisi za posta za serikali zilikuwa zimefika karibu kila kambi iliyobaki hai, na stempu ya senti 2 ilikuwa inaipeleka barua popote nchini. Kampuni iliendelea na vifurushi na fedha, na hati zake za mizigo za miaka iliyofuata hukusanywa pia, lakini hizo hazina malipo mawili.